Polia (mhusika)

Polia ni mhusika mkuu wa kike wa *Hypnerotomachia Poliphili*, hadithi ya mapenzi iliyochapwa na Aldus Manutius mjini Venice, Italia, mwaka 1499. Kitabu kina michoro 172 iliyopigwa chapa kwa mbao za kuchonga, nacho ni miongoni mwa vitabu vizuri kuliko vyote vya karne ya 15. Mchoraji wake hajulikani. Herufi za kwanza za sura zake 38 zikiunganishwa huunda sentensi ya Kilatini inayosema kuwa Ndugu Francesco Colonna, mtawa anayedhaniwa kuwa mwandishi wa kitabu, alimpenda mno Polia.

Ishara katika michoro

Poliphilo, mhusika mkuu wa kiume anayempenda Polia, akiwa ndotoni anamkuta Polia akiwa na mwenge unaowaka, alama ya mapenzi. Katika hekalu la Venus, mungu wa kike wa mapenzi, mwenge huo unazimwa kisimani, na moto wake unahamia moyoni mwa Polia.

Sehemu ya pili ya kitabu inaeleza jinsi Polia, baada ya kupona tauni, alivyojiweka wakfu kwa Diana, mungu wa kike mlinzi wa ubikira. Poliphilo anapoanguka kama maiti mbele yake, Polia anamburuta kwa miguu na kumficha: picha kali ya moyo mgumu. Kisha anaona maono ya Kupido, mungu wa mapenzi, akiwachapa wanawake wawili waliofungwa kwenye gari la moto, onyo kwa wanaokataa kupenda. Hatimaye Poliphilo anazinduka mikononi mwa Polia.

Athari

Toleo la Kifaransa lilichapwa Paris mwaka 1546, michoro ikiwa imechorwa upya.