Binti wa Miaka Minne na Kiti cha Ufaransa

Mtoto wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba ndugu za mtu wana pande mbili. Kuumeni yuko baba mdogo na shangazi. Kukeni yuko mjomba na mama mdogo. Juni 1316, Mfalme Louis X wa Ufaransa alipofariki akiwa na umri wa miaka 26, ufalme wake wote ulisimama njia panda ya pande hizo mbili. Alimwacha binti mmoja, Jeanne, wa miaka minne, na mjane mjamzito, Clémence wa Hungaria. Wafaransa walikuwa hawajawahi kuulizana kama mwanamke anaweza kurithi kiti cha mfalme, kwani ukoo wa Capet, uliowatawala tangu 987, haukuwahi kukosa mtoto wa kiume.

Ukoo huo haukuanza kwa urithi. Mwaka 987 Louis V, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Charlemagne, alikufa baada ya kuanguka mawindoni, hana mtoto. Baba yake mdogo, Charles wa Lorraine, alikuwa hai, na kwa damu hakuna aliyemkaribia. Lakini makabaila walipokutana Senlis, Askofu Mkuu Adalbero wa Reims aliwaambia kuwa ufalme haupatikani kwa haki ya kuzaliwa, bali hupewa anayestahili. Wakamchagua Hugues Capet.

Aliyepewa kiti kwa kuchaguliwa alijua vema kwamba wachaguzi haohao wangeweza kumnyima mwanawe. Kwa hiyo hakungoja. Aliwaambia wakubwa kwamba anakusudia kwenda Hispania kumsaidia Borrell, mtawala wa Barcelona, dhidi ya majeshi ya Waislamu. Je, akifia huko, nchi itabaki na nani? Safari yenyewe haikufanyika. Lakini Krismasi ya mwaka uleule Robert, mwanawe, alipakwa mafuta matakatifu huko Orléans, na Ufaransa ikawa na wafalme wawili, baba na mwana.

Naona hekima kubwa katika desturi hiyo, na wafalme waliofuata waliishika kwa bidii. Robert alipompoteza mwanawe mkubwa, Hugues, aliyekwisha kumtawaza, alimtawaza wa pili, Henri, mwaka 1027, ingawa Malkia Constance alimtaka mdogo wa Henri. Mwaka 1131 mrithi wa Louis VI, kijana Philippe, alianguka Paris farasi wake alipojikwaa kwa nguruwe, akafa. Siku kumi na mbili baadaye mdogo wake alikuwa Reims, akipakwa mafuta na Papa Innocent II mwenyewe. Msiba ulikuwa bado mbichi, lakini kiti hakingoji matanga.

Mdogo huyo, Louis VII, ndiye aliyeonja hofu ya kukosa mrithi kuliko wote. Eleanor wa Aquitaine alimzalia mabinti wawili, ndoa ikabatilishwa mwaka 1152, na Eleanor akaenda na nchi yake yote kwa Henry, ambaye baada ya miaka miwili alikuwa mfalme wa Uingereza. Mke wa pili naye alizaa mabinti wawili, akafa katika uzazi. Wa tatu, Adèle wa Champagne, alijifungua mvulana Agosti 1165. Gerald wa Wales, aliyekuwa mwanafunzi Paris, aliandika jinsi kengele zilivyomwamsha usiku, akachungulia dirishani na kuona mji umejaa mienge. Mtoto akaitwa zawadi ya Mungu. Alipokua akawa Philippe Auguste, mfalme wa kwanza wa ukoo huo aliyekuwa na nguvu kiasi cha kutoona haja ya kumtawaza mwanawe akiwa yeye mwenyewe hai. Na Louis IX alipofia karibu na Tunis mwaka 1270, mwanawe alihesabiwa kuwa mfalme tangu siku hiyo, ingawa hakutawazwa mpaka mwaka uliofuata. Maneno ya Adalbero yalikwisha kusahauliwa.

Mara kumi na moja kiti kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kisha likaja tumbo la Clémence.

Novemba 1316 alijifungua mvulana. Akaitwa Jean, akawa mfalme tangu alipovuta pumzi ya kwanza, na baada ya siku tano akazikwa. Sasa alibaki Jeanne. Mama yake, Marguerite wa Burgundy, alikuwa amefungwa mwaka 1314 kwa kosa la uzinzi na kufia kifungoni, na walikuwapo walionong'ona kuhusu nasaba ya binti. Mjomba wake, Duki Eudes wa Burgundy, alidai haki yake. Lakini baba yake mdogo, Philippe, alikuwa tayari kaimu wa ufalme, na tarehe 9 Januari 1317 alitawazwa Reims huku malango ya mji yamefungwa na walinzi wamesimama.

Hapa ndipo moyo wangu unapokataa kunyamaza. Februari, mwezi mmoja baada ya mafuta kukauka, wakubwa, maaskofu na wasomi wa Chuo Kikuu cha Paris walitangaza kwamba mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Tendo lilitangulia, sheria ikafuata. Ile Sheria ya Wafranki wa Salii, ambayo baadaye ilitajwa kuwa msingi wa kale wa jambo hili, haikuwa ndiyo iliyomnyima Jeanne. Waandishi waliifufua miaka mingi baadaye. Wala mwanamke kutawala hakukuwa kioja: bibi yake mzaa baba, ambaye Jeanne alirithi jina lake, alikuwa malkia wa Navarre kwa haki yake mwenyewe, na ni kwa bibi huyo wajukuu na wana walipata taji la Navarre. Eudes naye alinyamazishwa mwaka 1318 kwa kuozwa binti wa Philippe.

Philippe alikufa mwaka 1322. Aliacha mabinti watupu, na kanuni aliyoiweka ikawafungia mlango; ndugu yake Charles IV akachukua kiti. Charles naye alikufa Februari 1328, mkewe mjamzito, na nchi ikangoja tena kama ilivyongoja mwaka 1316. Tarehe 1 Aprili alizaliwa msichana.

Edward III wa Uingereza, mtoto wa dada yake Charles, alisema: kama mwanamke hawezi kukalia kiti, si anaweza kumpitishia mwanawe? Mjomba wake amekufa, na hakuna mwanamume wa karibu kuliko yeye. Wafaransa wakajibu kuwa mtu hapitishi asichokuwa nacho, wakampa kiti Philippe wa Valois, binamu wa Charles kuumeni. Edward alimwekea heshima Amiens mwaka 1329, lakini mwaka 1340, akiwa Ghent, alijiita mfalme wa Ufaransa, na vita vilivyokwisha kuwaka tangu 1337 havikutulia kabisa hadi 1453.

Na Jeanne? Wanavarre hawakuwa na kanuni ile ya Paris. Walituma aitwe, na Machi 1329, akiwa na miaka 17, alitawazwa malkia katika kanisa kuu la Pamplona, kwa taji la bibi yake.