Arthur Mitchell: Mcheza baleti aliyerudi kufundisha Harlem

ARTHUR Mitchell, Mmarekani mweusi aliyevunja ubaguzi katika majukwaa ya baleti kisha akawa mwalimu, alizaliwa Machi 27, 1934 katika mtaa wa Harlem, jijini New York.

Alionja taabu mapema. Akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa jela, naye akalazimika kusaidia kuilisha familia kwa kung'arisha viatu na kusambaza magazeti. Mwaka 1952 alihitimu sekondari ya sanaa za maonyesho, akapata ufadhili wa kusoma School of American Ballet.

Mwaka 1955 alijiunga na kundi la New York City Ballet, chini ya mtunzi George Balanchine. Miaka miwili baadaye, Balanchine alimtungia sehemu ya wachezaji wawili katika dansi ya "Agon", akiwa na mwanamke mzungu, Diana Adams. Kumwona mwanamume mweusi akimshika mkono mwanamke mzungu jukwaani kuliwaudhi baadhi ya watazamaji, lakini Balanchine hakumbadilisha.

Mwaka 1968, Mitchell alikuwa akisaidia kuunda kundi la baleti nchini Brazil. Aprili 4 mwaka huo, Martin Luther King aliuawa mjini Memphis. Msiba huo ulimfanya Mitchell aamue kuwatumikia watoto wa mtaa aliozaliwa.

Mwaka 1969, pamoja na mwalimu wake wa zamani, Karel Shook, alianzisha Dance Theatre of Harlem. Masomo yalifanyika katika gereji, milango ikiachwa wazi ili wapita njia waone. Wavulana walioona haya kuvaa suruali za kubana waliruhusiwa kuvaa kaptura. Wanafunzi walianza wakiwa 30. Baada ya miezi michache walifika 400.

Katika miaka ya 1970 wachezaji wake waliacha soksi na viatu vya rangi ya waridi vilivyozoeleka katika baleti, wakavaa vilivyotiwa rangi ya ngozi zao. Mwaka 1992 kundi hilo lilizuru Afrika Kusini, wakati utawala wa makaburu ukielekea ukingoni.

Safari haikuwa nyepesi. Mwaka 2004 madeni yalilisimamisha kundi, ingawa shule iliendelea kufundisha. Maonyesho yalirejea mwaka 2012.

Mitchell alifariki dunia Septemba 19, 2018, akiwa na umri wa miaka 84. Shule yake ingali Harlem.