Barua Zilizofunguliwa: Jeshi la Uingereza na Askari Wapenzi wa Jinsia Moja

Waswahili tunasema barua ni nusu ya kuonana. Askari aliyetumwa mbali na kwao anaelewa maana yake haraka kuliko sisi tuliobaki nyumbani. Lakini katika majeshi ya Uingereza, hadi Januari 2000, kulikuwa na askari ambao barua ya mpenzi iliweza kuwafukuzisha kazi.

Tuanzie Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kijana mmoja aliyepelekwa mafunzoni katika kambi ya Park Hall, karibu na mji wa Oswestry, alikuwa akipokea barua za mapenzi zilizosainiwa kwa herufi moja tu: G. Zilipopatikana baada ya yeye kufariki mwaka 2008, watu walidhani G ni msichana wake. Kumbe alikuwa mwanamume. Katika mojawapo, G alimwomba aziharibu zote. Hakuziharibu. Jumba la makumbusho la Oswestry lilikusanya mamia ya barua hizo, na leo ni sehemu ya historia ya vita ile. Hebu fikiria: kama ofisa mmoja tu angezisoma wakati ule, wote wawili wangeweza kuishia jela.

Mwaka 1967 England na Wales ziliacha kuwashtaki wanaume wawili watu wazima kwa mambo yao ya faragha. Wanajeshi hawakuhusishwa. Ilipofika 1994 sheria ililegezwa kwao pia, ila kwa namna ya ajabu: halikuwa tena kosa la jinai, lakini liliendelea kuwa sababu ya kufukuzwa. Yaani hushtakiwi, ila kazi huna.

Na kazi ya kuwasaka ilifanywa na polisi wa jeshi. Walipekua makabati na vyumba, wakachukua picha, shajara na barua. Mtu aliulizwa analala na nani, wapi, vipi. Hakuna aliyemuuliza kama anaijua kazi yake.

Jeanette Smith alikuwa muuguzi katika jeshi la anga. Mwaka 1994 alikuta ujumbe kwenye mashine ya simu: mwanamke asiyejitaja jina alisema ameshawaambia wakubwa kwamba Smith anapenda wanawake. Wachunguzi walipomhoji, maswali yaligusa hata binti ambaye yeye na mwenzake walikuwa wakimlea. Graeme Grady alikuwa sajini katika jeshi hilohilo, akifanya kazi Washington. Wote wawili walisifiwa kikazi, na wote walitimuliwa. Walikwenda mahakamani pamoja na wawili wa jeshi la majini, Duncan Lustig-Prean na John Beckett. Mahakama za nyumbani ziliwashinda, basi wakaenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Hoja ya wizara ya ulinzi ilikuwa moja: ari ya kikosi. Eti askari wa kawaida hatakubali kulala bweni moja na mtu wa aina hiyo, na kikosi kisichoaminiana hakipigani. Mwaka 1995 wizara iliunda timu ya kuthibitisha jambo hilo, na timu ikaenda kuwauliza askari wenyewe maoni yao. Hapo ndipo hoja ilipopasuka. Hukumu ya tarehe 27 Septemba 1999 ilisema kwamba tatizo lote lililoelezwa lilitokana na chuki za askari wengine, na chuki za namna hiyo haziwezi kuhalalisha katazo, kama vile ambavyo zisingekubaliwa zikielekezwa kwa mtu wa rangi au asili nyingine.

Januari 2000 katazo liliondolewa. Kilichowekwa mahali pake hakikuwa upendeleo wowote. Ilikuwa kanuni moja ya mwenendo kwa wote: je, tabia ya mtu huyu inadhuru utendaji wa kikosi? Ofisa anayetumia cheo chake kumtongoza aliye chini yake ana kosa, awe anampenda mwanamume au mwanamke. Mengine ni yake.

Je, ari ya kikosi ilivunjika? La. Jeshi hilo lilipigana Iraki na Afghanistani, na katazo halikurudishwa.

Lakini kufuta katazo si kuwarudishia watu walichonyang'anywa. Joe Ousalice, mtaalamu wa redio katika jeshi la majini aliyepigana vita ya Falklands, alifukuzwa mwaka 1993 na kuvuliwa nishani yake ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Aliirudishiwa Januari 2020, baada ya kuishtaki wizara. Uchunguzi huru ulioongozwa na Terence Etherton, jaji mstaafu, ulipokea ushuhuda wa watu zaidi ya 1,000, na ripoti yake ilipotoka Julai 2023, waziri mkuu Rishi Sunak aliomba radhi bungeni. Fidia ilitangazwa mwishoni mwa 2024: pauni 50,000 kwa kila aliyefukuzwa. Mtu aliyetolewa jeshini akiwa na miaka 20, huenda sasa ana 60 au 70. Wengine walishakufa wakiwa hawajawaambia hata ndugu zao kwa nini waliacha kazi.

Oktoba 2025 Mfalme Charles alihudhuria uzinduzi wa mnara wao huko Staffordshire. Si sanamu ya askari mwenye bunduki. Ni barua ya shaba iliyokunjwakunjwa, yenye maneno kutoka barua ambazo zamani zilikuwa ushahidi dhidi ya wenyewe. Imewekwa wazi, na yeyote anayepita anaweza kusimama akaisoma.