Mti Juu ya Jiwe

Hapana shaka, msomaji, umepata kuuona mti uliomea mahali pasipoelekea kuwa na mti: juu ya jabali tupu, au juu ya ukuta wa gofu la zamani. Mbegu ililetwa na ndege au upepo, ikaangukia katika ufa wenye vumbi la kujaza kiganja, ikachipua. Vumbi lile halikuweza kuulisha mche kwa muda mrefu. Ikaubidi ama ufe, ama uteremshe mizizi yake juu ya uso wa jiwe mpaka uifikie ardhi. Uliofika uliishi, na kadiri mizizi yake ilivyonenepa ndivyo ilivyozidi kulikumbatia jiwe, hata dhoruba ikashindwa kuvitenganisha. Wengi wetu hupita mbele ya mti wa namna hiyo bila kugeuza shingo. Lakini katika Uchina na Japani walitokea watu waliosimama, wakautazama, na wakatamani kuwa nao nyumbani. Habari zao zastahili kujulikana.

Wa kwanza walikuwa Wachina. Karibu na mji wa Xi'an liko kaburi la mwanamfalme Li Xian, ambaye mwili wake ulizikwa hapo mwaka 706. Kaburi hilo lilipochimbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilionekana ukutani picha ya mtumishi aliyeshika kwa mikono miwili chombo chenye vijiwe na mimea midogo. Basi twajua ya kuwa jiwe na mmea vilikwisha kukutanishwa katika chombo kimoja zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Wachina wenye elimu waliliheshimu sana jiwe lenye umbo la ajabu, kwa maana waliona ndani yake mlima mzima. Na mlima usio na mti huwa ukiwa mtupu.

Maarifa hayo yalivuka bahari yakaingia Japani, ambako watawa wa dini ya Buddha na wakuu wa nchi waliyapokea kwa furaha. Gombo la picha la mwaka 1309, liitwalo Kasuga Gongen Genki, laonyesha miti midogo na mawe yaliyopangwa katika chombo. Kwa karne nyingi Wajapani waliendelea kuistawisha sanaa hiyo, wakaipa jina la bonsai, yaani kilichopandwa katika sinia. Wakaigawa pia katika mitindo. Mti ambao mizizi yake hukaa katika udongo uliotiwa ndani ya mashimo ya jiwe lenyewe huitwa ishitsuki. Mti ambao mizizi yake huteremka juu ya jiwe na kuingia katika udongo ulio chini huitwa sekijoju. Huu wa pili ndio unaofanana na mti wetu wa jabalini.

Sikiliza jinsi unavyokuzwa. Kwanza hutafutwa jiwe gumu, lisilopasuka kwa baridi kali wala kumomonyoka kwa maji, lenye mifereji na nyufa ambamo mizizi itapata njia. Kisha huchaguliwa mche wenye mizizi mirefu. Wajapani hupendelea aina ya mepo iliyotoka Uchina, ambayo jani lake lina ncha tatu kama wayo wa bata, kwa sababu mizizi yake hunenepa upesi, na ikigusana huungana. Mwishoni mwa majira ya baridi, kabla machipukizi hayajafumbuka, mche huketishwa juu ya jiwe, mizizi ikatandazwa mmoja mmoja katika mifereji, kisha ikafungwa kwa kamba na kukazwa sana. Palipo na nafasi kati ya mzizi na jiwe, nafasi hiyo haitazibika. Mzizi utanenepa hewani, wala hautashika. Baada ya hayo kazi yote hiyo huzikwa. Jiwe na mizizi hufukiwa kabisa udongoni, likabaki shina tu juu, na vikaachwa hivyo miaka miwili, mitatu, au zaidi. Hapo ndipo udongo huondolewa kidogo kidogo kutoka juu, ili mizizi izoee jua na kuota gome. Mwenye haraka akiufukua wote kwa siku moja, mizizi laini hukauka.

Huenda utauliza: je, si ukatili huu, kuufunga mti na kuunyima ardhi? Wengi wamedhani hivyo, wakasema mti hudumaa kwa njaa. Sivyo. Mti wa bonsai hutiwa mbolea na hunyweshwa maji, wakati wa joto hata mara mbili kwa siku. Udogo wake hutokana na kupogolewa matawi na mizizi. Mti wa porini ukikosa mvua huyatafuta maji mbali, huu hauwezi. Siku chache za kusahauliwa zatosha kuukausha. Kwa hiyo mti mkongwe katika sinia ni ushahidi ya kwamba hapana kizazi hata kimoja kilichousahau.

Utunzaji huo umepata kujaribiwa vikali. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo, na moto uliofuata ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Wakulima wa bonsai waliokuwa mjini humo wakatafuta mahali penye nafasi, maji mazuri na hewa safi. Kuanzia mwaka 1925 walihamia Omiya, kaskazini ya Tokyo, wakaanzisha kijiji chao. Masharti yalikuwa machache: kila mkazi awe na miti isiyopungua 10, lango lake liwe wazi kwa wageni, ua wake uwe wa mimea, wala asijenge ghorofa. Kijiji hicho kipo hadi leo ndani ya mji wa Saitama.

Jaribio la pili lilikuwa kali zaidi. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, jamaa ya Yamaki walikuwa wakikaa kiasi cha kilometa 3 kutoka mahali lilipolipukia. Msonobari wao, ulioanza kutunzwa mwaka 1625, ulikuwa nyuma ya ukuta. Ukapona, na wenyewe wakapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa uwe mmoja wa miti 53 ambayo Japani iliizawadia Marekani, nchi ileile iliyoliangusha bomu. Habari ya kuponea kwake haikujulikana sana huko Washington hadi mwaka 2001, wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuutazama.

Msonobari huo haukushika jiwe; ulishikwa na mikono. Lakini sheria yake ni ileile. Jiwe haliupi mti chakula. Huupa mahali pa kushika tu. Chakula kiko chini, na njia ya kukifikia ni ndefu. Mkulima afungaye kamba leo ajua ya kuwa kamba itaoza kabla mizizi haijakomaa, na huenda yeye mwenyewe akafa kabla mti haujaufikia uzuri wake. Hata hivyo hulikaza fundo, kwa sababu palipolegea leo hapatashika baada ya miaka 50. Nawe, msomaji, ukipita tena mbele ya mti ulioota juu ya jabali, simama kidogo. Tazama mzizi wake ulipoanzia na ulipofikia, ukapime ni miaka mingapi iliyolala kati ya hapo.