Duka Moja, Mlo wa Kijiji Kizima: Urithi wa Posho kwa Waaborijini

Mwaka 1982, Waaborijini 10 wenye kisukari kutoka eneo la Derby, kaskazini-magharibi mwa Australia, walirudi porini katika utafiti ulioongozwa na Kerin O'Dea. Kwa wiki 7 walikula walichowinda, walichovua na walichochimba. Walipungua kilo 8 kwa wastani, na sukari katika damu yao ikashuka sana.

Maradhi hayo yana historia, nayo inapitia kwenye ghala la posho. Walowezi walipotwaa ardhi na vyanzo vya maji, misheni, serikali na wenye mashamba ya ng'ombe waliwagawia wenyeji unga mweupe wa ngano, sukari na majani ya chai. Mashambani, posho ilishika nafasi ya mshahara wa haki. Agosti 1966, Vincent Lingiari aliwaongoza Waaborijini wenzake wa jamii ya Wagurindji kugoma katika shamba la ng'ombe la Wave Hill, wakidai ujira na kisha ardhi yao.

Zama za posho zilipopita, pesa ziliingia mikononi, lakini pa kuzitumia palikuwa mahali pamoja tu: duka la kijiji. Mara nyingi mji wenye maduka mengine uko umbali wa mamia ya kilomita. Msimu wa mvua barabara hukatika, na kwingine bidhaa hufika kwa tishari. Mboga hufika zimenyauka na bei yake haishikiki, ilhali unga, sukari na soda hukaa miezi bila kuharibika. Hivyo anayeagiza bidhaa za duka ndiye anayepanga mlo wa kijiji kizima.

Wenyeji hawakukaa kimya. Kuanzia mwaka 1989, watu wa Minjilang, katika Kisiwa cha Croker, walishirikiana na mtaalamu wa lishe Amanda Lee kubadili bidhaa za duka lao. Ndani ya mwaka mmoja kolesteroli ilishuka. Mwaka 2018, shirika la Waaborijini la ALPA, lililoanzishwa mwaka 1972, lilishiriki jaribio katika maduka 20. Kwa wiki 12, nusu ya maduka hayo yaliacha kunadi vyakula na vinywaji vyenye sukari nyingi na kuondoa chupa kubwa za soda kwenye friji. Sukari iliyouzwa ilipungua, faida haikuyumba.

Basi tusiwalaumu wanunuzi kwa kikapu walichojaziwa na historia. Wapewe usafiri nafuu wa vyakula freshi na kauli ya mwisho juu ya maduka yao.