Machicha

Mathe alikuja kunitembelea Jumamosi ya kwanza baada ya kuambiwa ana kisukari, na kitu cha kwanza kutoka kwenye mkoba wake hakikuwa dawa. Ilikuwa pakiti ya kilo mbili ya unga wa ngano. Akaiweka mezani, akavua viatu, akauliza kikaango kiko wapi.

Hivyo ndivyo tumekuwa tukianza wikendi tangu nihamie Nairobi. Anapanda matatu ya mapema kutoka Nakuru, anafika kabla sijaamka vizuri, na kufikia saa nne tuko mbele ya sahani ya chapo za maji. Wengine mnaziita pancake. Unga, yai, sukari kidogo, maziwa ya pakiti, unamimina, unageuza, unakunja. Hakuna anayeharakisha. Tunaongea juu ya watu wa kwetu, nani ameoa, nani ameuza shamba, na hakuna anayeniuliza nafanya nini na maisha yangu.

Lazima mjue jambo moja kuhusu mathe na unga. Kwa miaka kumi na moja aliuza chapo na chai kwenye kibanda karibu na stendi. Karo yangu ilitoka kwenye huo unga, na zilizobaki jioni ndizo tulizokula. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu hakusema neno. Alikanda kama kawaida. Kwa hiyo daktari alipomwandikia kwenye karatasi "punguza wanga", hakuwa anaambiwa abadilishe kiamsha kinywa tu. Na juu ya hayo, kwa miaka mingi maziwa yamekuwa yakimsokota tumbo, lakini hakuacha kuyatia kwa sababu pancake bila maziwa, kwake yeye, ni ya mtu aliyefilisika.

"Nikitoa unga, nikitoa maziwa, nitabaki na nini?" akaniuliza. "Maji na yai?"

Asubuhi hiyo tulikula za kawaida. Saa mbili baadaye mashine yake ya kupima sukari ilisoma 15.6. Akaifunika haraka kama mtu anayeficha meseji. Mimi nikaanza kusoma. Sina digrii ya historia, sina digrii ya kitu chochote, ila nilitaka kujua hivi vitu viwili ambavyo hatuwezi kuviacha vilifikaje mezani kwetu.

Tuanze na ngano. Mathe alizaliwa upande wa Njoro, ambako mashamba ya ngano yanaenda hadi macho yachoke. Ukimwambia ngano ni mgeni atakucheka. Lakini Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji hula zaidi ndizi na samaki, na nafaka wanaletewa kutoka pwani ya bara. Huko juu Njoro, ngano kama tunavyoijua ilianza na walowezi, hasa Lord Delamere, aliyepewa ekari laki moja mwaka 1903. Mwaka uliofuata Wamaasai wakawekwa saini kwenye mkataba uliowaondoa Bonde la Ufa la kati, na mwaka 1911 mwingine ukawaondoa Laikipia. Hebu litafakari hilo kidogo. Watu waliotegemea zaidi maziwa, nyama na damu walihamishwa, na mahali pao pakapandwa wanga.

Ngano yenyewe haikutaka kukaa. Ugonjwa wa kutu uliila miaka ya mwanzo, Delamere akapoteza pesa nyingi, akaajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu itakayovumilia. Mwaka 1908 akaanzisha Unga Limited, kampuni ya kusaga. Kutu nayo haikuondoka kamwe. Hadi leo kituo cha utafiti cha Njoro hupanda mbegu kutoka nchi nyingi kuona zipi zitasimama mbele ya aina moja kali iliyotambuliwa Uganda mwaka 1999, ambayo wataalamu waliipa jina la Ug99. Yaani ule unga wa mathe unapiganiwa kila msimu, kilomita chache kutoka alikozaliwa, na yeye hajui.

Jinsi ya kuupika ilikuja na watu wengine. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na zaidi ya vibarua elfu thelathini waliletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao, wachache wakabaki, na nyuma yao wakaja wenye maduka. Neno chapati ni lao. Neno pancake ni la Waingereza, ambao walikuwa na Jumanne yao maalum ya kumaliza mayai, maziwa na siagi kabla ya Kwaresima. Ile chapo ya maji unayoiona kwenye kikaango chako ina jina la upande mmoja na tabia ya upande wa pili. Sisi tukaifanya chakula cha Krismasi, cha mgeni, cha kuhesabiwa. Kama ulikulia kwenye nyumba yenye watoto sita unajua maana ya "kila mtu mbili tu."

Maziwa yana hadithi tofauti kidogo, kwa sababu maziwa hayakuwa mageni. Wafugaji wa huku wamekuwa wakiyanywa maelfu ya miaka. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza watu wa Kenya, Tanzania na Sudan walionyesha kwamba wafugaji wengi wa hapa wana badiliko lao la kijeni linalowawezesha watu wazima kusaga sukari ya maziwa, tofauti na lile la Wazungu, na kwamba lilitokea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Lakini si kila mtu analo. Duniani, watu wazima wengi hawana uwezo huo. Na hata wafugaji wengi huyagandisha kwanza, maana vijidudu vinavyochachusha hula sehemu ya ile sukari.

Kilichokuwa kipya ni maziwa mabichi ya pakiti kwa kila mtu, kila siku. KCC iliundwa mwaka 1925 na walowezi kwa ajili ya maziwa yao. Mwafrika hakufunguliwa mlango wa ng'ombe wa gredi sawasawa hadi mpango wa Swynnerton wa 1954. Halafu mwaka 1979 Rais Moi akaanzisha maziwa ya bure shuleni, yale ya Nyayo, kwenye pakiti za pembe tatu. Mathe alikuwa darasa la pili. Anakumbuka pakiti ilivyokuwa baridi mkononi, na anakumbuka kukimbia chooni kabla ya kipindi cha hesabu. Alipomweleza mwalimu, aliambiwa ni ulafi. Nilipomsomea habari ya 2007 alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo sikuwa mlafi." Miaka arobaini na zaidi alikuwa amelibeba hilo.

Sasa, huu mtindo wa kula bila wanga ambao kila mtu kwenye simu anauuza kama ugunduzi wa juzi. Mimi nilidhani umetoka California. Umetoka kwa msimamizi wa mazishi wa London. Jina lake William Banting, na familia yake ilizika wafalme. Mwaka 1862, akiwa na miaka sitini na kitu, alikuwa mnene kiasi kwamba hakuweza kuinama kufunga viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Masikio yakaanza kuziba, akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey. Harvey alikuwa amemsikiliza Claude Bernard huko Paris akifundisha jinsi ini linavyotengeneza sukari, na aliporudi alikuwa akifikiria kisukari. Akamkataza Banting vitu sita: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Ona hiyo orodha tena. Mkate na maziwa vimetoka pamoja, siku moja, kwenye karatasi moja. Kiamsha kinywa cha mathe kilishaandikwa na daktari wa masikio miaka zaidi ya 160 iliyopita.

Banting alipungua kilo kama ishirini kwa mwaka mmoja. Mwaka 1863 akachapisha barua yake kwa umma, na jina lake likageuka kitenzi. Waswidi hadi leo wakitaka kusema mtu anajinyima ili apungue, husema anabanta. Afrika Kusini, miaka kumi na kitu iliyopita, walilifufua jina lenyewe, na watu wakawa wanauziana mikate ya Banting isiyo na mkate ndani.

Kwa wenye kisukari, lakini, haikuwa mtindo. Kabla ya insulini, kupunguza wanga ndiyo ilikuwa karibu dawa pekee, na kwa aina ile inayoshika watoto ilichofanya ni kuwacheleweshea kifo. Wengine walilazwa njaa kabisa. Ni Januari 1922, Toronto, ndipo kijana wa miaka 14 alipodungwa insulini kwa mara ya kwanza. Mmoja wa waliokuwa kwenye kazi hiyo aliitwa Frederick Banting. Jina lile lile. Ningekuwa mwandishi wa riwaya nisingethubutu.

Nasema haya kwa sababu nyingine pia. Kabla sijabadilisha chochote kwenye sahani ya mathe nilimpigia daktari wake. Kuna dawa za kisukari zinazoshusha sukari zenyewe, na ukizimeza halafu ukakata wanga ghafla, unaweza kuanguka jikoni. Daktari akaangalia dawa zake, akasema tuendelee polepole na tupime. Fanya hivyo kwanza. Mapishi yatakungoja.

Nikaenda supamaketi. Unga wa lozi sikuushika hata bei yake niliiona kwa mbali. Unga wa nazi ulikuwa kwenye pakiti ndogo yenye picha ya ufuo ambao si wetu, na bei yake ingenunua unga wa ngano wa wiki nyingi. Nikaurudisha. Jioni nikamlalamikia jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kisauni, ambaye hupika vibibi mwezi wa Ramadhani na kutugawia jengo zima. Vibibi, kwa asiyejua, ni vijichapati vya mchele na tui. Havina tone la maziwa ya ng'ombe na havijawahi kuwa nalo.

"Unga wa nazi ni nini, mwanangu?" akauliza.

Nikamweleza: nazi ikikunwa, ikakamuliwa tui, yale makapi yanakaushwa na kusagwa.

Akacheka hadi akashika mlango. "Hayo si machicha? Hayo sisi tunamwagia kuku!"

Akaniita ndani, akanikalisha kwenye mbuzi wake wa kukunia, nikakuna nazi mbili na kujikata kidole kimoja. Tui la kwanza tukaliweka kando. Machicha tukayatandaza kwenye sinia juani siku mbili, kisha nikayasaga kwenye blenda na kuyachekecha. Si meupe kama ya supamaketi na yanabaki na mafuta kidogo zaidi, lakini ni yale yale. Unga wa ngano, robo tatu ya uzito wake ni wanga. Wanga wa machicha ni mchache kuliko huo, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi sukari.

Jumamosi iliyofuata nilitangulia kuamka. Mayai manne, vijiko vinne vya mezani vya machicha, tui zito robo kikombe, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, chumvi, mdalasini. Sukari hakuna. Unapiga mayai na tui kwanza, unatia vikavu, halafu unaacha dakika kumi, maana machicha hunywa maji kama ngamia. Ukimimina mapema utapata uji, ukichelewa sana utapata udongo, ndipo unaongeza kijiko cha tui. Ya kwanza niliifanya kubwa kama za mathe. Ikavunjika vipande vitatu nilipoigeuza. Hakuna ile gundi ya ngano ya kuishikilia, kwa hiyo lazima ziwe ndogo, upana wa kiganja, moto mdogo, na usizisumbue hadi kingo zikauke.

Mathe alikaa akitazama bila kusema. Akala moja. Akala ya pili.

"Ina ladha ya harusi ya Mombasa," akasema. Hajawahi kwenda harusi ya Mombasa.

Akajaribu kuikunja kama alivyozoea, ikakatika mkononi. Aliiangalia muda mrefu, na nikaona anafikiria kibanda, au labda ni mimi niliyekuwa nakifikiria. Tulikula polepole, na parachichi pembeni, na tuliongea juu ya binamu aliyeuza ng'ombe akanunua pikipiki. Saa mbili zikapita. Akadunga kidole mwenyewe, safari hii hakufunika. 9.2.

Ile pakiti ya ngano bado iko juu ya kabati. Nimemwambia nitampelekea jirani. Mathe alisimama, akanyoosha mkono kuuchukua mwiko, akamimina nne ndogo kwenye kikaango kimoja, mduara kamili kila moja, akazigeuza zote bila moja kuvunjika.

"Ulikuwa na haraka," akasema.