Mafua husafiri kwa mwendo wa msafiri

Kila inapofika Novemba 25, wafuatiliaji wa historia ya Vita Kuu ya Kwanza huukumbuka mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, kiasi cha kilomita 100 kusini mwa Sumbawanga. Hapo ndipo Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alipoweka silaha chini mwaka 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Vitabu vingi vya vita vinaishia hapo. Kwa watu wa Ufipa, uwanda wa Sumbawanga, na majirani zao, adui mwingine alikuwa bado njiani, naye hakuwa na bendera ya kushusha.

Adui huyo ni mafua makali ya mwaka 1918. Mwanahistoria David Patterson na mwanajiografia Gerald Pyle, wote wa Marekani, walichora mwaka 1983 ramani ya mwenendo wake katika Afrika kusini mwa Sahara. Walionyesha milango mitatu, yote bandari: Freetown mwezi Agosti, kisha Cape Town na Mombasa mwezi Septemba. Kutoka hapo ugonjwa ulipanda treni, ukashuka kwenye mwisho wa reli na kuendelea kwa miguu. Walikadiria waliokufa kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2. Kwa Tanganyika peke yake, mwanahistoria John Iliffe alitaja kati ya watu 50,000 na 80,000.

Ukiitazama Ufipa kwenye ramani hiyo, utaona mishale miwili ikiikaribia. Mmoja unatoka kusini, kwa reli ya kutoka Cape Town hadi Rhodesia, kisha kwa njia za wapagazi. Mwingine unatoka Mombasa. Katikati yake inapita safu ya Lettow-Vorbeck, na hapo ndipo ubishi ulipo.

Safu hiyo ilivuka Mto Ruvuma Septemba 28, 1918, ikitokea Msumbiji. Jenerali mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920, anasimulia kwamba watu wake walikuwa wameshakumbwa na ugonjwa wa kifua na mapafu. Walipita Songea. Walipofika Ubena, Njombe ya leo, wagonjwa wasioweza kutembea waliachwa nyuma pamoja na Jenerali Wahle. Waliobaki walipita Mbozi, wakaukwepa uwanda wa Ufipa kwa upande wa kusini mashariki, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini hadi Kasama. Baada ya kusalimu amri, Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100 na wapagazi zaidi ya 1,500 waliwekwa pamoja Abercorn. Kisha safari ikaelekea Bismarckburg, yaani Kasanga yetu, wakapanda meli hadi Kigoma, na kutoka hapo treni. Mafua yaliwaua wengi wao kambini, walipokuwa wakisubiri kurudi kwao.

Je, kikohozi cha Ruvuma kilikuwa ndicho mafua yaleyale yaliyoshuka Mombasa mwezi huohuo? Au kikosi kiliyakuta mafua Rhodesia, yakiwa yametoka Cape Town? Wapo wanaomtupia Mjerumani lawama yote, na wapo wanaoutazama mstari wa ugavi wa Waingereza, ambao maelfu ya wapagazi wake walibeba unga na risasi kutoka kusini. Mwanaanthropolojia James Ellison, aliyeandika juu ya mafua hayo kusini magharibi mwa Tanzania, anatukumbusha jambo zito kuliko lawama: ugonjwa huo ulishikana mkono na njaa kali. Vita ilikuwa imekwisha kuchukua vijana na chakula, na mafua yakawakuta waliobaki.

Ubishi wa namna hii ndio ambao modeli za kompyuta zinaweza kuupima. Msingi wake uliwekwa mwaka 1927 na Kermack na McKendrick wa Scotland, waliowagawa watu katika mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na waliopona au kufa. Baadaye, katika Urusi ya Kisovieti, Baroyan na Rvachev waliunganisha hesabu za miji kwa takwimu za wasafiri. Mwaka 1985 Rvachev na Mmarekani Ira Longini walifuatilia mafua ya Hong Kong ya mwaka 1968 katika miji 52 ya dunia, wakitumia safari za ndege. Sumbawanga haimo. Modeli huona pale tu ambapo safari zimehesabiwa.

Lakini si lazima pawe na ndege. Lisa Sattenspiel na Ann Herring walichukua vituo vitatu vya biashara ya ngozi katikati ya Kanada: Norway House, Oxford House na God's Lake. Walisoma shajara za kampuni ya Hudson's Bay, wakaona nani alifika lini na akitokea wapi, wakaingiza safari hizo kwenye kompyuta. Katika mafua ya 1918 Norway House ilipoteza takriban watu 18 katika kila 100, wakati ugonjwa huo ulipita vijiji vya jirani bila kuacha maafa kama hayo. Maandishi ya makarani wa duka yakageuka sayansi.

Sisi nasi tunazo shajara. Mapadri Weupe waliichukua Karema mwaka 1885, wakafungua misheni Ufipa, zikiwemo Kate na Zimba. Kwa agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kila misheni iliandika shajara yake, na nyingi zimehifadhiwa Roma. Zinataja wageni, misafara, wagonjwa na maziko. Inaniuma kuona tunawasomesha vijana wetu takwimu kwa mifano ya miji ya ng'ambo, huku hesabu ya bibi na babu zao ikisubiri msomaji.

Hesabu yenyewe inahusu kesho pia. Mafua hukaa mwilini siku moja hadi nne kabla ya dalili. Mpagazi aliyeambukizwa Abercorn, akitembea kilomita 20 au 25 kwa siku, angeanza kutetemeka kabla hajafika Sumbawanga, na kijiji cha njiani ndicho kingempokea. Leo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ina lami, matunda ya mkataba wa mwaka 2008 na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Aliyeambukizwa mpakani asubuhi anashuka stendi akiwa mzima, anapanda bodaboda, anafika kwake na kula na wanawe bila hata kukohoa.

Mafua ya mwaka 2009 na UVIKO-19 yametuonyesha hivyo. Nchini Kenya, watafiti walitumia mienendo ya simu za watu karibu milioni 15 kufuatilia malaria, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Barabara, meli za ziwani na mpaka wa Kasesya vinastahili kuhesabiwa kwa uangalifu uleule.

Mjerumani au Mwingereza, jibu litapatikana siku mtu atakapofungua shajara ya Kate kwenye ukurasa wa Novemba 1918, akaandika tarehe ya maziko ya kwanza, kisha ya pili, na kuziingiza kwenye kompyuta.